Kolesteroli sawa, chembe tofauti: LDL, apoB au Lp(a), nani apime nini?

Weka mezani karatasi mbili za majibu ya maabara, za watu wawili wa rika moja. Kolesteroli jumla ni 5.2 kwa huyu na 5.2 kwa yule. LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, ni 3.4 kwa wote wawili. Ukiishia hapo utawapa ushauri mmoja, na mmoja wao utakuwa umemkosea. Tarakimu zifuatazo nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya mfano, lakini watu wa namna hii wapo kila siku kwenye foleni ya maabara.

| Kipimo | Wa kwanza | Wa pili (ana kitambi na kisukari) |
|---|---|---|
| Kolesteroli jumla (mmol/L) | 5.2 | 5.2 |
| HDL (mmol/L) | 1.3 | 0.8 |
| Trigliseridi (mmol/L) | 1.1 | 2.2 |
| LDL ya hesabu (mmol/L) | 3.4 | 3.4 |
| Kolesteroli isiyo ya HDL (mmol/L) | 3.9 | 4.4 |
| apoB (mg/dL) | 98 | 128 |

Mstari wa mwisho ndio unaosema nani yuko pabaya zaidi. Kolesteroli haielei peke yake kwenye damu. Ni mafuta, na mafuta na maji hayachangamani, kwa hiyo ini na utumbo huyafungasha ndani ya chembe ndogo za mviringo zenye ganda la fosfolipidi na protini. Chembe hizo ndizo lipoprotini. Zile zinazotengenezwa na ini au kutokana na chembe za ini, yaani VLDL, IDL, LDL na Lp(a), kila moja hubeba molekuli moja tu ya protini iitwayo apoB-100, haizidi wala haipungui. Anayepima apoB anahesabu chembe. Anayepima LDL anapima mzigo uliomo ndani ya chembe. Lita 20 za mafuta ya kula zinaweza kukaa kwenye dumu moja au kwenye chupa 40 za nusu lita. Mafuta ni yale yale, vyombo ni tofauti kabisa. Na kinachopenya ukuta wa ateri, kikanasa humo na kuanza kujenga utando, ni chembe nzima pamoja na mzigo wake. Mtu wa pili kwenye jedwali ana chembe zaidi kwa asilimia 30 hivi, na LDL haikusema lolote.

Hapo ndipo uchaguzi unapoanzia. LDL hutosha kwa baadhi ya watu na huwapotosha wengine, kutegemea hitilafu ya mafuta waliyo nayo. Ndiyo maana nawasihi watu wasichague kipimo kwa bei au kwa jina geni linalovutia. Kwanza jiulize chembe zako huenda zikawa za aina gani.

Kabla ya kuongeza gharama: kutoa tu

LDL inayoandikwa kwenye karatasi mara nyingi haikupimwa. Imekokotolewa kwa kanuni ya Friedewald na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1972: kolesteroli jumla, toa HDL (ile iitwayo kolesteroli nzuri), toa trigliseridi (mafuta mengine ya damu) iliyogawanywa kwa 2.2 (kwa wanaotumia mg/dL, igawanye kwa 5). Trigliseridi ikipita 4.5 mmol/L kanuni hiyo haifai tena. Hata chini ya hapo huanza kuteleza pale LDL inapokuwa ya chini sana na trigliseridi iko juu, hali ambayo ni ya kawaida kwa mwenye kisukari anayetumia dawa. Kuna kanuni mpya zaidi, ya Martin na wenzake ya mwaka 2013 na ya Sampson na wenzake ya mwaka 2020, ambazo hustahimili vizuri zaidi. Si vibaya kuuliza maabara yako inatumia ipi.

Kuna tarakimu nyingine ambayo hailipiwi hata senti: kolesteroli jumla ukitoa HDL. Hiyo ni kolesteroli yote iliyomo kwenye chembe zenye madhara, LDL na ndugu zake wote. Haihitaji kufunga kula, haiharibiwi na trigliseridi kama LDL ya hesabu, na humkaribia apoB kuliko LDL inavyomkaribia. Kwenye jedwali hapo juu ilishaonyesha tofauti, 3.9 dhidi ya 4.4, kabla hata ya kulipia kipimo cha ziada. Pasipo na apoB, hii ndiyo ya kushika. Nashangaa ni watu wachache kiasi gani huelezwa jambo hili wanapokabidhiwa majibu.

Kisukari, kitambi na trigliseridi za wastani: ongeza apoB

Insulini inapokosa nguvu, mafuta kutoka kwenye tishu za kitambi humiminika kwenye ini, na ini hujibu kwa kutoa VLDL nyingi, kubwa, zilizojaa trigliseridi. Zikiwa kwenye damu, protini iitwayo CETP hubadilishana mizigo: inachukua trigliseridi kutoka kwenye VLDL na kuipeleka kwenye LDL na HDL, na kolesteroli inarudi upande wa pili. LDL iliyojazwa trigliseridi ikipita kwenye ini hunyofolewa na kimeng'enya cha lipasi, nayo husinyaa. Kinachobaki ni LDL ndogo, nzito, yenye kolesteroli kidogo ndani. HDL nayo hupungua. Kwa hiyo karatasi husoma hivi: trigliseridi juu kiasi, HDL chini, LDL "nzuri". Mgonjwa huambiwa lehemu yake haina shida, naye anatembea na damu iliyojaa chembe.

Kwa mtu huyu apoB ina thamani kubwa kuliko kipimo kingine chochote cha mafuta. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unaipendekeza hasa kwa wenye kisukari, unene, trigliseridi juu, au LDL iliyoshuka sana. Malengo yake ni apoB chini ya 65 mg/dL kwa aliye kwenye hatari kubwa mno, chini ya 80 kwa hatari kubwa, na chini ya 100 kwa hatari ya wastani. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliokusanya wagonjwa wa mshtuko wa moyo kutoka nchi 52, Afrika ikiwemo, ulikuta uwiano wa apoB kwa apoA1 (protini ya chembe za HDL) ukiwa miongoni mwa viashiria vilivyofungamana zaidi na mshtuko huo.

Kuna mtego mmoja kwa watu wenye asili ya Afrika, na madaktari wachache huutaja. Tafiti za Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba Wamarekani weusi huwa na trigliseridi za chini kuliko wazungu hata pale ambapo insulini yao imekwisha kudhoofu. Maana yake, mtu anaweza kuwa na kitambi na sukari inayopanda, trigliseridi ikasoma 1.3, akaonekana salama. Trigliseridi ya kawaida isikufanye uache kupima apoB kama kiuno na sukari vinasema vingine.

Walio kwenye ARV wako karibu na kundi hili. Baadhi ya dawa za zamani, hasa zile zinazoambatana na ritonavir, hupandisha trigliseridi waziwazi. Dolutegravir, ARV mpya zaidi, imepunguza tatizo hilo. Matokeo ya utafiti wa REPRIEVE yaliyotangazwa mwaka 2023, ulioshirikisha pia watu kutoka Uganda, yalionyesha kwamba pitavastatini, mojawapo ya statini (dawa za kushusha kolesteroli), ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu wenye VVU ambao hatari yao ilikuwa ya chini hadi wastani. Kwao mazungumzo kuhusu statini yaanze mapema, wala si lazima yasubiri apoB.

Jambo la mwisho kwa kundi hili: statini hushusha LDL kwa asilimia kubwa kuliko inavyoshusha apoB. Unaweza kufika kwenye lengo la LDL ukiwa bado hujafika kwenye lengo la chembe. Aliyeanza dawa arudie apoB, asiangalie LDL pekee.

Kolesteroli ya juu ya kurithi: LDL inatosha, macho na vidole vinasaidia

Huyu ni kinyume cha aliyetangulia. Hapa ini linakosa vipokezi vya kutosha vya kuzivuta LDL kutoka kwenye damu, au vipokezi vipo ila LDL haivishiki vizuri, au protini iitwayo PCSK9 imezidi kazi yake na inavivunja vipokezi mapema. Chembe hukaa kwenye damu muda mrefu, na kila moja hubaki na kolesteroli yake kamili. Chembe ni nyingi, mzigo ni mwingi, na LDL inaonyesha yote mawili kwa uaminifu: 4.9 mmol/L au zaidi kwa mtu mzima, mara nyingi 6, 7 au 8, huku trigliseridi ikiwa ya kawaida. ApoB hapa inarudia tu ulichokwisha kujua.

Badala ya kulipia apoB, vua viatu. Shika kano ya kisigino, ule mshipi mgumu ulio nyuma ya kifundo cha mguu, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa kawaida ni mwembamba na kingo zake unazisikia. Kwa mwenye hitilafu hii mara nyingine huwa mnene na wenye vinundu, kwa sababu kolesteroli imejijaza humo. Tazama pia jicho: duara la weupe kuzunguka mboni kabla ya umri wa miaka 45 ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Kisha uliza nyumbani: baba, mama, shangazi, ndugu waliofariki ghafla kabla ya miaka 55. Kwenye misiba yetu husemwa tu kwamba "alianguka". Uliza tena.

Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja si nadra, ni mtu mmoja kati ya 250 hivi duniani. Kwa Waafrikana (Makaburu) wa Afrika Kusini idadi ni kubwa zaidi, kwa kuwa walowezi wachache wa mwanzo walikuja na jeni zenye hitilafu na uzao wao ukazisambaza. Asipotibiwa, takriban nusu ya wanaume hawa hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 50, na wanawake asilimia 30 hivi kabla ya 60. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ni nadra sana, na LDL yake inaweza kupita 13; huyo anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa bado mwanafunzi wa shule. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuvumbua kipokezi hiki, kazi waliyoianza kwa kuchunguza watoto wa namna hiyo.

Upande wa pili wa jeni hizo unafundisha vilevile. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walikuwa na mabadiliko yanayozima PCSK9. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88. Muda mfupi baadaye ikaripotiwa kwamba mwanamke mmoja nchini Zimbabwe, aliyerithi hitilafu hiyo kwa wazazi wote wawili, alikuwa na LDL ya 0.4 na afya yake nzuri. Chembe chache tangu kuzaliwa hulinda kuliko chembe zinazopunguzwa uzeeni. Ndiyo sababu aliyerithi LDL ya juu asingoje: statini yenye nguvu kama atorvastatini ya dozi kubwa hushusha LDL kwa nusu hivi, ezetimibe huongeza asilimia 20 hivi, na pasipotosha kuna sindano za kuzuia PCSK9, ambazo bei yake bado ni mzigo kwa wengi wetu. Lishe peke yake haimtoshi. Kupunguza nazi nzito, samli na nyama za mafuta ni vyema, ila mtu wa LDL 7 hatafika 2 kwa mboga, na si haki kumwambia kwamba hajajitahidi.

Kitu kimoja anachopaswa kuongeza ni Lp(a), tutaifikia.

Damu nyeupe kama maziwa: apoB haimsaidii

Mara chache mirija hutoka kwenye mashine ya kuzungusha damu na sehemu ya juu, ambayo kawaida ni ya manjano inayoangaza, imekuwa nyeupe tupu. Mwanafunzi wa maabara akiiona kwa mara ya kwanza hudhani kuna kosa. Iweke kwenye friji usiku kucha, ikisimama wima. Asubuhi, kama juu pametengana tabaka la malai na chini pameng'aa, mafuta hayo ni kailomikroni, chembe kubwa zitokazo kwenye utumbo baada ya mlo. Kama hakuna malai na mrija wote ni ukungu, ni VLDL za ini. Kama yote mawili yapo, basi yote mawili. Kipimo hiki ni cha kizamani, hakina gharama, na bado kinaeleza mengi.

Trigliseridi ikipita 11 mmol/L hatari ya karibu si moyo, ni kongosho kuvimba ghafla, ugonjwa unaoweza kuua ndani ya siku chache. Kailomikroni ni kubwa mno kupenya ukuta wa ateri kwa urahisi, nazo hubeba apoB-48, aina fupi ya apoB, kwa hiyo apoB ya mgonjwa huyu inaweza kuwa ya kawaida kabisa. LDL ya hesabu haina maana. Anachohitaji ni trigliseridi yenyewe, sukari, historia ya pombe na dawa anazotumia, na kukata mafuta ya aina zote kwenye chakula mara moja, ya alizeti na ya zeituni yakiwemo. Wengi wao wana kisukari kilichoachwa au pombe iliyozidi. Wachache sana, mmoja hivi kati ya milioni, wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha kuyeyusha trigliseridi.

Mabaki: pale apoB inapopotosha

Nimeisifia apoB, basi niseme pia inapokosea. Wapo watu waliorithi aina ya protini ya apoE iitwayo E2 kutoka kwa wazazi wote wawili. Wengi wao hawapati tabu. Lakini wachache wakinenepa, wakipata kisukari au tezi ya thairodi ikilegea, mabaki ya VLDL na kailomikroni hushindwa kuingia kwenye ini na kulundikana. Mabaki hayo ni makubwa kuliko LDL na kila moja limesheheni kolesteroli, kwa hiyo idadi ya chembe inaonekana ya wastani huku mzigo ukiwa wa kutisha. Kolesteroli isiyo ya HDL iko juu sana, trigliseridi juu, apoB chini kuliko unavyotarajia. Tofauti hiyo yenyewe ndiyo utambuzi. Kagua viganja: mistari ya mkono ikiwa na rangi ya manjano au chungwa, karibu umeshapata jibu. Nao huitikia vizuri sana kupungua uzito, kutibiwa thairodi, statini na fibrati (dawa za kushusha trigliseridi), kuliko makundi mengine yote.

Ikumbukwe pia kwamba thairodi iliyolegea, figo zinazovujisha protini na njia ya nyongo iliyoziba hupandisha kolesteroli bila mtu kurithi chochote. Pima hayo kabla ya kutaja ukoo.

Lp(a): mara moja maishani

Kåre Berg wa Norway aliitambua mwaka 1963. Ni LDL iliyofungwa mkia wa protini iitwayo apo(a), na mkia huo huifanya iwe kali zaidi kwa mishipa na kwa vali ya moyo. Kiwango chake huamuliwa na jeni karibu chote. Lishe haikigusi, mazoezi hayakigusi, statini haikishushi. Takriban mtu mmoja kati ya watano duniani anayo ya juu, na watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wanayo nyingi kuliko Wazungu. Hilo peke yake linatosha kufanya kipimo hiki kiwe chetu kuliko cha wengine, ilhali ndicho tunachokipima kwa nadra.

Kisome kwa uangalifu: 50 mg/dL na kuendelea, au 125 nmol/L, huhesabiwa kuwa juu. Usijaribu kubadilisha kipimo kimoja kuwa kingine kwa kuzidisha, kwa sababu urefu wa mkia hutofautiana mtu na mtu. Ukiweza kuchagua, chagua maabara inayotoa majibu kwa nmol/L. Dawa mahsusi za kuishusha zimekuwa zikifanyiwa majaribio. Mpaka zifike, mwenye Lp(a) ya juu hukazania yale anayoyaweza: LDL au apoB ishuke zaidi ya lengo la kawaida, shinikizo la damu lidhibitiwe, sigara iachwe.

Ukilazimika kuchagua

Vipimo vya ukubwa wa LDL na picha za chembe kwa mashine za gharama sikushauri. ApoB hukupa karibu yote hayo kwa pesa kidogo. HDL nayo usiifukuzie. Ikiwa chini inakuonya kuhusu insulini, lakini dawa zilizoipandisha kwa nguvu hazikuokoa mioyo.

Kama mfuko unaruhusu kipimo kimoja tu cha ziada katika maisha yako, na huna kisukari, kiwe Lp(a). Kama una kisukari, kitambi, au unatumia statini tayari, kiwe apoB, nacho kirudiwe kila dozi inapobadilika. Kama LDL yako ni 4.9 au zaidi na trigliseridi haina tatizo, acha apoB. Weka pesa kwenye dawa, kwenye Lp(a), na kwenye nauli ya ndugu zako waje wapimwe. Kama trigliseridi na kolesteroli zote zimepanda, pima apoB, uilinganishe na kolesteroli isiyo ya HDL, usiisome peke yake. Na kama hakuna apoB mahali ulipo, kwa maana hupatikana zaidi kwenye maabara kubwa za mijini, fanya ile hesabu ya kutoa HDL na uitumie bila kusita. Malengo yake kwa hatari kubwa mno, kubwa na ya wastani ni chini ya 2.2, 2.6 na 3.4 mmol/L.

Usipime ukiwa na homa kali au siku chache baada ya upasuaji, maana LDL hushuka kwa muda, na ujauzito huipandisha. Kufunga kula si lazima kwa kipimo cha kwanza. Trigliseridi ikizidi 4.5 ndipo urudi asubuhi ukiwa hujala.

Kwa mzazi aliyethibitika kurithi kolesteroli ya juu, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba. Mtoto apimwe LDL kabla ya kufikisha miaka 10, hata kama ni mwembamba na anacheza mpira kutwa, kisha wapimwe kaka na dada za mzazi huyo mmoja mmoja.